Pindo la blanketi ya mtoto: satini au pamba?

MamaZu, Kisumu
Habari zenu wapenzi wa cherehani. Nashona blanketi za viraka za watoto wachanga: juu vitenge, katikati pamba ya kujaza, chini flana. Ukubwa ni sentimita 90 kwa 110. Nimefika kwenye pindo, ule ukanda wa kuzungushia kingo, na wateja wanataka satini, eti inang'aa na mtoto hupenda kuipapasa akisinzia. Moyo wangu uko kwa kitambaa cha pamba, maana blanketi hizi zitafikichwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa juani kila mara. Nyinyi mnatumia nini? Na mnakata wima kufuata uzi wa kitambaa, au mshazari?

Fundi wa Nakuru
Dada, shikilia pamba. Satini ya bei nafuu huwa ni poliesta. Inateleza chini ya mguu wa cherehani na ukingo wake hufumuka upesi. Uzi ukining'inia unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu, na mtoto hawezi kukwambia. Kwangu hilo linatosha kuikataa.

Ukienda soko la Kibuye, usiamini jina tu, kwa sababu hata vitenge vingine ni poliesta. Omba nyuzi chache uzichome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa donge gumu. Kifue kitambaa kabla ya kukikata, kirudi kabisa na rangi ichuje huko kwa beseni, hasa nyekundu.

Kata vipande vya upana wa sentimita 6 na nusu, viunge, ukunje katikati kwa urefu, upige pasi. Mzunguko wako ni mita 4, kwa hivyo nusu mita ya kitambaa inatosha. Pembe za mraba, kata wima. Ukizifanya mviringo, lazima mshazari, ndipo pindo lifuate kona bila kujikunja.

MamaZu, Kisumu
Asante sana fundi. Na mteja aking'ang'ania satini?

Shosh wa Kakamega
Mwanangu, mshonee kiraka cha satini kadiri ya kiganja juu ya flana, ukunje kingo zote nne ndani na upige mishono miwili kuzunguka. Mtoto atapata cha kupapasa na pindo libaki pamba. Kwa pindo mimi napenda leso, yaani kanga, iliyokwisha kufuliwa, huwa laini mno. Na hicho kiraka umtoze, ni kazi ya ziada.