Tukihalalisha bangi, nani atamlinda mtoto wa miaka 12? Na sasa hivi nani anamlinda?

Mama Viazi – Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili nimelibeba miaka minane na sijawahi kuliandika mahali.

Nauza viazi kwa jumla hapa Uyole, Mbeya. Juzi shemeji yangu, dereva wa lori la Lilongwe, alipita nyumbani kula. Tukiwa tunakula, watoto wapo, akasema: "Malawi wameshahalalisha bangi, sisi tunangoja nini? Hela iko pale tunaitazama tu." Mume wangu akacheka. Mama yangu, ambaye anaishi nasi, alinawa mikono akaenda kulala, ugali wake haujafika nusu.

Mama ana sababu zake. Mdogo wangu wa mwisho alianza kuvuta akiwa na miaka 14. Alikuwa anakuja ghalani baada ya shule kunisaidia kupakia, na ni mimi niliyemwita aje, kwa hiyo hapo sijitoi. Siku moja nashona lumbesa (kwa wasioijua, ni gunia linalojazwa mpaka linapita mdomo, halafu linawekewa kilemba cha kamba juu), nikapitisha mkono kupanga viazi vya juu, nikagusa kitu kikavu. Karatasi ya daftari lake la hesabu, lile la vyumba, imekunjwa vizuri kabisa, na ndani yake misokoto minne. Hesabu zake za shule zilikuwa bado zinasomeka kwa nje, na tiki nyekundu ya mwalimu. Nilinawa kwa sabuni mara mbili, harufu ikabaki vidoleni.

Sikumwambia mama. Nilimchapa, akalia, akaahidi, nikaamini.

Akiwa na miaka 17 alikamatwa na misokoto miwili mfukoni. Kituoni tukaambiwa kosa ni kusafirisha dawa za kulevya, na kusafirisha ni miaka 30. Kusafirisha! Mtoto hajavuka hata mzani. Baadaye yule yule aliyetuambia akatufuata nje, akasema mambo yanaweza kuongeleka. Mama aliuza ng'ombe wake, mtamba aliyekuwa na mimba ya kwanza. Jua halijazama tulishatoka na mtoto, hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Na aliyemuuzia, kesho yake alikuwa kwenye kona yake ile ile.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akaanza kusikia watu wanamwita usiku. Akawa anazima redio, anasema inamtaja jina. Tulipompeleka hospitali daktari hakuanza kuuliza anavuta kiasi gani. Aliuliza alianza akiwa na umri gani. Akatueleza kuwa ubongo unaendelea kujengeka mpaka mtu anapita miaka ishirini, na bangi ikianza mapema hatari ya kuumwa akili inaongezeka, zaidi kwa mwenye ndugu waliowahi kuumwa. Kwetu wapo.

Leo ana miaka 22. Kuna miezi yuko vizuri, analima, anacheka. Kuna miezi tunaficha panga.

Sasa mwanangu wa kwanza ametimiza miaka 12, na Jumamosi ameanza kuomba aje ghalani. Ndiyo maana nauliza. Wanaosema ihalalishwe, mtoto huyu mtamwekea kinga gani? Na wanaosema ibaki hivi hivi na miaka yake 30, mbona aliyeumia kwetu ni mtoto na mtamba, na mwenye kona bado yupo? Nawasilisha.

---

Utingo wa Tunduma

Ugonile dada. Pole sana, hasa kwa huyo mdogo wetu.

Mimi nasimama na shemeji yako. Bangi haikuletwa na sheria na haitaondolewa na sheria. Naishi mpakani, naona. Ikifungwa njia kuu inapita njia ya panya, ikifungwa ya panya inapita ya mchana. Ingekuwa na duka, muuzaji ana leseni ukutani, ana jina, akimuuzia mtoto mnajua pa kumkamata. Huyo wa kwenye kona mtoto wa darasa la tano na mzee wa miaka 60 kwake ni noti tu. Wewe umeuliza nani anamlinda mtoto sasa. Hakuna. Na hao vijana tunaowajaza magerezani kwa kijani kidogo, wakitoka huko wanajua mambo ambayo hawakuingia nayo.

---

Karani Mstaafu

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mienendo ya kesi, nyingi za namna hii. Naomba tuweke sawa mambo mawili matatu, kwa sababu shemeji hakusema uongo ila hakusema yote.

Malawi walitunga sheria mwaka 2020, ni kweli. Lakini waliruhusu kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya viwanda. Kijana wa Karonga akikutwa anavuta chamba (ndiyo bangi, kwa lugha yao) barabarani bado ni mkosaji. Zambia nao walipitisha sheria yao 2021, kwa leseni vilevile. Afrika Kusini ni habari nyingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilisema mtu mzima anaweza kulima na kuvuta faraghani kwake, ila kuuza hapana. Kanada ndiyo walifungua maduka kabisa, Oktoba 2018, na hata huko jimbo la Quebec limepandisha umri hadi miaka 21. Kwa hiyo mtu akikwambia "wamehalalisha", muulize wamehalalisha kipi: kulima, kuuza, au kutomfunga anayevuta? Watu wanagombana usiku kucha kumbe kila mmoja anazungumzia lake.

Kwetu ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Bangi na mirungi zote zimo. Na hilo neno "kusafirisha" lililokushtua, dada, ndani ya sheria maana yake ni pana mno. Kuuza, kununua, kugawa, kuhifadhi, hata kuwa nayo, vyote vinaweza kuitwa kusafirisha. Nimeandika hukumu za watu "waliosafirisha" wakiwa wamelala kitandani kwao. Lakini kipo kifungu kingine cha mwenye kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, chenye adhabu nyepesi zaidi. Tena mdogo wako alikuwa na miaka 17, ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na mtoto hahukumiwi kifungo. Hayo mlipaswa kuambiwa pale kituoni. Hamkuambiwa, na mimi najua kwa nini. Mtu asiyejua kifungu cha pili atauza chochote kukikwepa cha kwanza.

---

Mwalimu wa Mafinga

Kamwene wote. Mama Viazi, mwanangu, nimekusoma mara mbili.

Mimi napinga maduka, na sipingi kwa sababu ya dini, ingawa ninayo. Napinga kwa sababu ya viroba. Mafinga ni mji wa mbao. Kabla ya Machi 2017, ukipita saa moja asubuhi kwenye mashine za kupasua mbao, chini pamejaa vifuko vya plastiki vya pombe kali kama maganda ya karanga. Vilikuwa halali, vina nembo, vinalipa kodi, na mtoto wa shule anakificha kwenye soksi. Nilikuwa nafundisha darasa la saba, nilivikuta kwenye soksi. Serikali ilipovipiga marufuku watu wazima hawakuacha kunywa, sidanganyi. Pombe ikarudi kwenye chupa, na chupa haiingii kwenye soksi. Darasani kwangu nilisikia tofauti kwa pua yangu mwenyewe.

Kwa hiyo Utingo, leseni ukutani peke yake haijawahi kumlinda mtoto. Viroba vilikuwa nayo.

Nakupa mfano wa upande wa pili pia. Sisi Iringa tuna ulanzi, pombe ya mwanzi. Mgema anakata ncha ya mwanzi asubuhi na jioni, anakinga kwa mbeta (kipande cha mwanzi), na ule mtogwa wa asubuhi ni mtamu hata bibi anakupa ukiwa mdogo. Ukikaa mpaka jioni unakuwa kitu kingine kabisa. Ulanzi umekuwepo, umewaharibu baadhi yetu, lakini kilabuni kuna wazee, na mtoto akisogea anafukuzwa na yeyote. Kinachonitisha kwenye biashara kubwa ni kwamba mwenye kampuni hamfukuzi mtu. Anataka mteja wa miaka arobaini ijayo, naye leo ana miaka 15.

---

Utingo wa Tunduma

Mwalimu, shikamoo. Hilo la soksi limenikaa. Nilikuwa sijalifikiria upande wa ukubwa wa kifungashio.

---

Mnywa Kikombe

Naandika kama mtu niliyekuwa kwenye unga, yaani heroini, miaka saba, Dar na kisha Mwanjelwa. Nina miaka minne sasa natumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hapa Mbeya, kliniki iliyoko Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Sioni aibu tena kusema.

Kwanza msichanganye bangi na unga. Bangi nilivuta, niliacha bila hata kuumwa kichwa, ingawa najua mwingine imemgeuza kama mdogo wa dada. Unga ukiukosa unapata arosto. Unapiga miayo, machozi na kamasi vinatoka vyenyewe, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma kutoka ndani, tumbo linafunguka. Mtu aliye kwenye hali hiyo hawazi miaka 30. Hawazi hata saa moja mbele. Ukimtishia jela ni kama unamsomea barua mtu anayezama.

Nilichowaza enzi zile ni kujificha. Tulijidungia kwenye pagala, watu watano bomba moja la sindano, kwa sababu kukutwa na bomba mfukoni ni balaa. Katika wale watano wawili tuna virusi, mmoja alishafariki. Hatukukosa elimu, mabango tuliyasoma sana. Tulikuwa tunawaogopa waliotakiwa kutusaidia.

Kilichonitoa ni mhudumu mmoja aliyekuja pagalani, hakuniita teja. Aliniita kwa jina. Sasa kila asubuhi nafika dirishani, nesi anapima kwenye kikombe kidogo, nakunywa mbele yake, anazungumza nami kidogo ahakikishe nimemeza, naenda kwenye kibanda changu cha simu. Bure, silipi.

Hivyo dada, mimi siombi duka la unga, Mungu apishe mbali. Naomba mtu kama mimi wa zamani akikamatwa apelekwe dirishani badala ya mahabusu. Ureno walifanya hivyo tangu 2001. Ukikutwa na kiasi kidogo cha kwako unapelekwa kwenye tume, kuna mtaalamu anakaa na wewe. Anayeuza bado anafungwa.

---

Karani Mstaafu

Nakubali, ila niongeze neno moja kwa Mnywa Kikombe. Jimbo la Oregon, Marekani, lilijaribu kufuata njia hiyo kwa kura ya 2020, na kufika Septemba 2024 kumiliki dawa kali kama unga kukawa kosa la jinai tena. Waliondoa adhabu mapema, matibabu yakachelewa, watu wakabaki barabarani. Ureno walijenga tiba pamoja na kuondoa jela. Ukiondoa mahabusu, hilo dirisha lako liwe limeshafunguliwa, tena si Mbeya mjini tu. Mtu wa Ludewa atafikaje kila asubuhi?

---

Mama Viazi – Uyole

Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Karani. Nimesoma yote kwa sauti, mama amekaa pembeni yangu. Nilipofika kwenye kifungu cha mtoto wa miaka 17 aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Kwa hiyo mtamba wangu alikwenda bure?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Niliingia hapa nikidhani lazima nichague, niwe na shemeji au niwe na miaka 30. Sasa naweza kusema ninachotaka. Sitaki duka la bangi Uyole, na Mwalimu ndiye amenimaliza. Nauza bidhaa, najua mfanyabiashara anavyowaza. Lumbesa yenyewe imekatazwa mara ngapi na bado tunaijaza? Lakini sitaki tena neno moja limfunike mtoto mwenye misokoto miwili na mwenye magunia ghalani, kwa sababu katikati ya hao wawili ndipo watu wanapouziwa ukimya. Hicho kifungu cha kiasi kidogo kibandikwe ukutani kituoni, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Na badala ya faini kiwe na daktari.

Mnywa Kikombe, kaka yangu, asante. Mdogo wangu naye tulimwita majina. Mimi nilianza.

Ile karatasi ya daftari ninayo bado, nimeihifadhi kwenye kitabu cha madeni. Kesho Jumamosi mwanangu anakuja ghalani. Kabla hajashika gunia nitamwonyesha, nitamwambia ni ya nani na ilikutwa wapi. Mjomba wake amesema atakuwepo, na kama atajisikia vizuri atamweleza mwenyewe.