Tupeane uzoefu: Ada ya leseni ya vileo katika klabu za askari wastaafu na klabu za kijamii nchini Marekani

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa ninyi mliowahi kuwa makatibu au watunza hazina wa klabu isiyogawana faida, naomba tusimuliane namna ada ya leseni ya vileo inavyozigusa klabu zetu. Naanza mimi mwenyewe.

Kwa miaka sita nimetunza hazina ya klabu ya askari wastaafu. Kaunta yetu hufunguliwa Ijumaa na Jumamosi jioni tu. Fedha zake hukaa katika kisanduku cha bati chenye kufuli ndogo, na mauzo huandikwa kwa kalamu katika daftari ambalo kurasa zake zimejaa alama za chupa zenye unyevu. Yupo mzee mmoja aliyepigana Vietnam ambaye huja kila Ijumaa, huagiza bia moja, na bia hiyo hudumu mpaka tunapoanza kupanga viti. Kwa mauzo ya namna hiyo tunatakiwa kulipa ada ileile inayolipwa na baa iliyo barabara kuu, ambayo hufunguliwa siku saba na kumhudumia kila apitaye. Mwaka jana nilipiga hesabu nikaona kwamba faida yote ya kaunta, tangu Januari hadi wiki ya tatu ya Machi, ilikwenda kwenye ada peke yake. Katika miezi hiyohiyo mfuko wetu wa kuwapeleka wagonjwa hospitalini ulikuwa mtupu, na madereva wa kujitolea walijaza mafuta kwa fedha zao.

Kwa asiyejua chanzo cha tofauti zilizopo, marufuku ya pombe iliyoanza Januari 1920 ilikomeshwa na Rekebisho la 21 la Katiba tarehe 5 Desemba 1933, na usimamizi wa vileo ukaachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa majimbo. Ndiyo maana jimbo kama New Jersey lina leseni maalumu ya klabu, inayoruhusu kuwauzia wanachama na wageni wao tu, kwa ada iliyo chini sana ya ile ya baa. Kwingineko mambo si hivyo, na mahali pengine mji nao hutoza ada yake juu ya ile ya jimbo. Serikali ya shirikisho yenyewe ilikuwa ikimtoza kila muuzaji wa rejareja dola 250 kwa mwaka, mpaka kodi hiyo ilipofutwa kuanzia tarehe 1 Julai 2008. Wajibu wa kujiandikisha ulibaki, malipo yakaondoka. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba muuzaji anaweza kusajiliwa na kujulikana bila kukamuliwa.

Karibuni.

Katibu mstaafu wa klabu ya kijamii:

Nashukuru kwa kuanzisha mazungumzo haya. Sisi si maveterani, ni klabu ya kijamii iliyosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi, kinachozisamehe klabu za namna hii kodi ya mapato, na tatizo letu kubwa halionekani kwa mtu wa nje. Wengi hutuambia, "Kama ada ni kubwa, wafungulieni watu wote milango, muuze zaidi." Hatuwezi. Mamlaka ya kodi hutazamia kwamba mapato kutoka nje ya wanachama, pamoja na ya vitega uchumi, yasizidi asilimia 35 ya mapato ghafi, na ndani ya kiasi hicho yatokanayo na umma kutumia ukumbi na huduma zetu yasizidi asilimia 15. Tukipita hapo, msamaha wetu wa kodi unaingia hatarini. Leseni nayo ilitubana kwa wanachama na wageni wao. Kwa hiyo sheria mbili zinatukataza kuuza kama baa, halafu ya tatu inatutoza kama baa.

Mwaka wangu wa mwisho wa ukatibu tulikuwa na wanachama arobaini na mmoja. Tuligawanya ada kwa kichwa, tukapandisha mchango wa mwaka, na wanachama saba, wote wakiwa watu wa pensheni, hawakurudi. Mwaka uliofuata ada ilikuwa ileile, na vichwa vya kuigawana vilikuwa vimepungua. Niliwapigia simu wote saba. Mmoja aliniambia kwamba hakukasirika, ila alilazimika kuchagua kati ya mchango wetu na dawa zake. Sijalisahau jibu hilo.

Binti wa askari mstaafu, mjumbe wa kamati ya akina mama:

Mwaka 2020 ukumbi wetu ulifungwa kwa miezi mingi kwa amri halali ya afya, na hatukulalamika, maana wazee wetu ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hata hivyo barua ya kuhuisha leseni ilikuja na kiasi kamili, kana kwamba tulikuwa tumeuza mwaka mzima. Tulilipa kwa fedha za mfuko wa misiba. Katika majira hayohayo tulizika watu wanne, na kwa mara ya kwanza familia ziliombwa zijigharamie maua.

Mmiliki wa baa:

Naomba nisikilizwe kwa heshima, maana nami ni mwenzenu. Ninalipa ada kamili, bima, mishahara na kodi ya mapato, na klabu iliyo mtaa wa pili huuza bia kwa bei ambayo mimi siwezi kuifikia. Nimeona kwa macho yangu wateja wakiandikishwa kuwa "wageni" mlangoni na mtu wasiyemfahamu kabisa. Ada ikipunguzwa kwa klabu ya namna hiyo, mimi ndiye nitakayeumia.

Mwanzisha mada:

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na sitaki ipite bila jibu. Klabu inayofungulia umma mlango wa nyuma ni biashara, na ilipe kama biashara. Ninachokiomba ni nafuu iliyofungwa kwa masharti: mauzo kwa wanachama na wageni walioandikwa daftarini pamoja na jina la mwenyeji wao, siku zilizotajwa, na vitabu vilivyo wazi kwa mkaguzi. Itakayovunja masharti ipoteze nafuu mwaka huohuo. Naamini daftari la wageni linalokaguliwa litakulinda wewe kuliko ada kubwa, kwa kuwa ada kubwa ndiyo inayozisukuma klabu dhaifu kuwaingiza hao wageni wa mlangoni.

Mwanachama aliyehamia Uingereza:

Kwa ufupi tu. Huku England na Wales, Sheria ya Leseni ya mwaka 2003 inaipa klabu ya wanachama cheti chake cha kutoa vileo, ilimradi ina watu wasiopungua 25 na kuna angalau siku mbili kati ya kupendekezwa kwa mtu na kupewa haki za uanachama. Ada ya mwaka hufuata thamani ya jengo, kuanzia pauni 70 hadi 350. Kwa majengo ya thamani ndogo na ya kati kiwango hicho ni kilekile cha baa, lakini klabu haihitaji kuwa na msimamizi mwenye leseni binafsi ya kuuza vileo. Kwa klabu yetu ndogo, hilo peke yake liliokoa gharama na usumbufu mwingi.

Kamanda wa zamani wa tawi la maveterani:

Sisi tulifanikiwa kwa sehemu, nami nieleze tulivyofanya. Miaka miwili ya kwanza tulikwenda kwenye baraza la mji tukiwa na bendera, medali na hotuba ndefu juu ya yale tuliyoitendea nchi. Walitupigia makofi, wakatupongeza, na ada ikabaki palepale. Mwaka wa tatu mtunza hazina wetu, mama aliyekuwa fundi wa helikopta jeshini, alikataa hotuba. Alichukua madaftari ya miezi kumi na miwili, akachora jedwali la ukurasa mmoja lenye safu tatu: siku tulizofungua, mauzo ya siku, na fedha zilizotoka kwenda kwa wagonjwa, wajane na chakula cha wasio na makazi. Alimpa kila diwani nakala yake, akaketi. Diwani aliyekuwa mpinzani wetu mkubwa aliweka kidole kwenye safu ya kwanza, akahesabu siku tisini na nane, akauliza kwa nini mji unatoza siku mia tatu sitini na tano.

Sehemu ya ada inayotozwa na mji ilipunguzwa kwa kufuata siku za kufungua. Ya jimbo haijaguswa, na mama yule sasa anaandaa jedwali la miaka mitano kwa ajili ya bunge la jimbo.