Walimu wa Kiingereza wa mitandaoni, hizo "irabu tano" mmezitoa wapi?

Wakuu, hizi video na vijitabu vya matamshi vimezidi. Ukurasa wa kwanza tu unakutana na "Kiingereza kina irabu tano: a, e, i, o, u." Hizo ni HERUFI! Sauti za irabu kwenye matamshi ya Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya fonetiki, ni 20: irabu 12 za kawaida na 8 za kuunganika (ulimi unaanzia irabu moja na kuteleza hadi nyingine). Chenye tano ni Kiswahili.

Ndiyo maana watu wanaandika "an university", eti kwa sababu wameona u. Neno linaanza na sauti ya y kama ya "yai", kwa hiyo ni "a university". Na "hour" h yake haitamkwi, ndiyo ikapata "an".

Halafu "irabu ndefu". Kijitabu kimoja kinakwambia a ya "cake" ni ndefu, ukifunua mbele eti ndefu ni ya "father". Wamarekani wanaofundisha watoto kusoma huita ndefu ile inayotamkwa kama jina la herufi yake. Wanafonetiki huita ndefu ile inayovutwa, na kamusi huiwekea nukta mbili. Mwandishi kanakili kote kote bila kuelewa hata kimoja.

Kichefuchefu chenyewe ni "sit" na "seat". Mnaambiwa "vuta tu i". Haya, chukua "seat" na "seed": irabu ni ileile, ila ya "seat" inakatwa kwa kuwa t ni sighuna (haitetemeshi koo kama d), na inaweza kuwa fupi kama ya "kid", ambayo ni irabu ya "sit". Anayepima kwa urefu atasikia "seat" aandike "sit". Tofauti iko ulimini. Anza na i ya "kiti", legeza midomo, shusha ulimi kidogo kuelekea e lakini usiifikie. Umepata "sit", na hujavuta chochote.

"Hat", "hut", "heart" na "hurt" wengi wetu tunazitamka zote kwa a ya "bata". Ya "hut" ndiyo iliyo karibu nayo, ila fupi. Ya "hat" ulimi unasogea mbele, kati ya a na e ya "pete". Ya "heart" unarudi nyuma na kuvuta. Ya "hurt" ulimi unakaa katikati ya kinywa, midomo isiviringwe, kisha unavuta.

Na shwa, ile irabu hafifu isiyo na mkazo, inayotumika kuliko zote kwenye Kiingereza, haitajwi hata kwa bahati mbaya! "Banana" ina a tatu kwa maandishi, lakini ya kwanza na ya mwisho zinafifia, inabaki ya katikati yenye mkazo. "Photograph" mkazo uko mwanzoni. Ukisema "photography" mkazo unahamia silabi ya pili na o ya kwanza inageuka shwa. Kiswahili hakifanyi hivyo, mkazo uhame usihame irabu inabaki nzima, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuibahatisha mwenyewe.

Unauza kozi ya matamshi haina shwa? Rudisha hela za watu.