Nembo ya stesheni kwenye kona ya skrini: ibaki saa zote au iondolewe?

Mleta mada
Wakuu, hoja yangu ni hii: kipindi kikianza, nembo itoke konani. Irudi kati ya kipindi na kipindi tu, kama runinga ilivyoanza. Mwaka 1953 BBC ilikuwa na umbo la msanifu Abram Games, chombo halisi cha waya na taa, kikipigwa picha kwa kamera. Nembo yao ya tufe la dunia ya mwaka 1969 nayo ilikuwa mfano halisi uliozunguka mbele ya kioo na kamera ya nyeusi na nyeupe. Rangi ilitiwa na mitambo. Mwaka 1985 kompyuta ikaipokea. Stesheni ya Uingereza ya Channel 4 ilipofunguliwa Novemba 1982, mbunifu Martin Lambie-Nairn aliivunja tarakimu 4 kuwa vipande vya rangi vinavyoruka na kuungana, na ikabidi vichorwe Marekani kwa sababu Uingereza haikuwa na uwezo huo. Hizo zote zilijitambulisha, zikapisha. Hadi leo BBC One haiweki nembo ya kudumu juu ya kipindi. Kuna anayeshindwa kuitambua?

Masta Kontroo
Mkuu, BBC One ina namba 1 au 101 inayojulikana na kila mtu kwao. Kwetu, tangu analojia izimwe (Dar es Salaam 31 Desemba 2012, Kenya 2015), stesheni ileile ina namba hii kwenye king'amuzi kimoja na namba nyingine kwenye kingine. Mtazamaji anayeruka chaneli kumi na tano kwa rimoti hasubiri kipindi kiishe ndipo ajue yuko wapi. Kona ndiyo kibao cha duka. Halafu kuna vipande vya WhatsApp: bila nembo, habari yako inakuwa ya kila mtu.

Fundi Grafiki
Mnabishana iwepo au isiwepo, wakati nusu ya kero ni ufungaji mbaya.

Kwenye picha ya 1920 kwa 1080, acha asilimia 5 kila upande: pikseli 96 kutoka pembeni, 54 kutoka juu. Nembo iliyopangwa enzi za skrini ya 4:3 (ile ya zamani, nyembamba) ikiachwa palepale inasogea ndani pikseli 240 zaidi, inaangukia usoni mwa mtu. Hiyo si kona tena.

Nyeupe kali usitumie. Mwanga wa video huanzia 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe). Nembo ya 180 hivi, uzito asilimia 50 (nusu inapenyeza picha ya nyuma), inasomeka bila kuchoma jicho kwenye tukio la usiku. Mstari wa kulala wenye unene wa pikseli 1 kwenye 1080i (fremu inayorushwa kwa nusu mbili, mstari mmoja ndani mmoja nje) utatetemeka, kwa kuwa unaonekana kwenye nusu moja tu ya fremu. Fanya 3.

Kile kiwingu cheusi kuzunguka herufi? Faili limehifadhiwa rangi ikiwa tayari imezidishwa kwa kiwango cha uwazi, na mashine ikazidisha mara ya pili. Badilisha mpangilio upande mmoja tu, wa faili au wa mashine. Ukibadilisha pande zote mbili umerudi ulikoanza, ila sasa kiwingu ni cheupe.

Kipande Wima
Masta Kontroo, hoja ya WhatsApp ipigie hesabu. Anayekata kipande cha simu, 9:16, kutoka katikati ya 1080 anachukua upana wa pikseli 608. Kila upande zinatupwa 656. Nembo yako inaanzia 96, na ikiwa na upana wa 200 inaishia 296. Imeondoka yote, wala mwizi hakutumia ujanja wowote. Hata mkato wa mraba unatupa 420 kila upande. Kinachotakiwa ni kutoa mwenyewe toleo la wima lenye nembo yake, tena mapema kabla ya wengine.

Masta Kontroo
Nakubali kwa mkato huo. Lakini wengi hawakati. Wanarekodi skrini nzima kwa simu na kutuma. Hapo kona bado inanisaidia.

Mleta mada
Na runinga za OLED (kila nukta ya kioo hujiwakia yenyewe) je? Watengenezaji wameweka mpangilio maalum wa kufifisha nembo ili isiache alama ya kudumu kwenye kioo. Runinga inajihami dhidi ya stesheni, jamani!

Fundi Grafiki
Hapo una haki, hasa kwa nembo nyekundu au ya njano isiyosogea siku nzima. Ila msiikimbilie ile inayozunguka kila dakika: kwenye chaneli iliyobanwa data, mwendo ule unakula biti za uwanja wa mpira, na majani yanageuka matope.

Masta Kontroo
Basi napendekeza hivi. Habari na michezo, nembo ibaki. Tamthilia na filamu, iingie sekunde 15 baada ya kila kurudi kutoka matangazo, ikae sekunde 30, ififie. Kwenye orodha ya urushaji ifungeni kwenye kipindi chenyewe, si kwenye saa ya ukutani. Kipindi cha moja kwa moja kikizidi dakika nne, nembo iliyofungwa kwenye saa itawaka juu ya tangazo la mteja, na mteja atadai fidia.

Mleta mada
Sekunde 30 nazikubali. Ila mstari wa hashitegi, neno MUBASHARA na tangazo la kipindi kijacho vinavyokaa chini yake, hivyo hujavigusa.