Kundi nililolikimbia linaniita nikawe mwenyeji wa shoo. Niende?

Bwana Mizani: Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, nimerudi Mwanza wiki ya tatu sasa kutoka Dar.

Zamani nilikuwa kwenye kikundi cha vichekesho hapa mjini. Tulikuwa sita, ukumbi wa kuazima, spika moja inayokoroma. Mimi ndiye nilikuwa Mzee Mizani, muuza dagaa wa Mwaloni: kofia ya pama, koti la mvua jua likiwaka, na mizani ambayo kila nikipima naikandamiza kwa kidole kidogo huku naangalia ziwani kama sina habari. Kwa kidole kile tu watu walivunjika mbavu.

Niliondoka vibaya. Tulizinguana kuhusu mgao wa kiingilio, nikazima simu, nikapanda basi. Ijumaa hiyo walikuwa na shoo.

Juzi kiongozi wao kanipigia. Wanatimiza miaka kumi, wanataka nifungue usiku, niite maigizo, nifunge. Tatizo ni kwamba Mzee Mizani sasa anaigizwa na kijana wa Igoma, na anaweza kweli. Nikipanda tu ukumbi utaanza "Mizani! Mizani!" Nifanyeje? Posho yenyewe ni ya bodaboda na soda.

Sangara Mkavu: Nenda. Ila hela kwanza.

Kamanga Feri: Mkuu, hujaanza wewe. Saturday Night Live (SNL), shoo ya vichekesho ya runinga ya Marekani, ipo hewani tangu 1975, kila shoo ina mwenyeji mwalikwa, na baadhi yao ni waliokuwa waigizaji wa humo humo. Norm Macdonald alitimuliwa 1998, mwaka uliofuata wakamwita awe mwenyeji. Akasimama akauliza mwenyewe: imekuwaje mtu aliyefukuzwa kwa kutochekesha leo anachekesha kiasi cha kualikwa? Akajijibu kwamba yeye ni yule yule, shoo ndiyo imekuwa mbovu. Hiyo simu uliyozima ndiyo ya kufungulia. Ukiikaushia wataiongea chini chini mpaka asubuhi.

Mama wa Buzuruga: Mwanangu, hayo ya jukwaani sawa. Je, wenzio uliwahi kuwaomba radhi? Nunua sato, mkae mle, myamalize kabla ya siku yenyewe.

Kamanga Feri: Shikamoo mama, umenena. Chevy Chase aliondoka SNL 1976. Aliporudi 1978 kuwa mwenyeji, walizichapa na Bill Murray, aliyeingia baada yake, shoo ikiwa karibu kabisa kuanza!

Jiwe la Bismarck: Mnamtia woga bure. Eddie Murphy alirudi SNL kuwa mwenyeji Desemba 2019, miaka 35 tangu aondoke, akawarudisha wahusika wake wa zamani na akapata tuzo ya Emmy. Watu wanataka Mizani mwenyewe. Kijana apumzike usiku mmoja.

Emsii wa Nyakato: Jiwe, hapo sikubaliani. Eddie hakumpokonya mtu, wahusika wale walikuwa wake na walikuwa wamelala. Hapa kuna kijana anaikandamiza hiyo mizani kila mwezi, halafu siku ya ukumbi kujaa umwambie akae nyuma ya pazia? Mimi nasherehesha harusi, nakuhakikishia emsii anayetaka kuchekesha kuliko wote anaiua shughuli, hata bibi harusi anaanza kuangalia saa.

Bwana Mizani, panda bila kofia. Wakianza kuita "Mizani!", jifanye umekuja kununua dagaa, kijana atoke na mizani yake. Apime. Mjini hapa ni wewe peke yako unayejua anapopunja. Mshike kidole.

Jiwe la Bismarck: Hahaha, haya, nimesalimu amri. Tiketi bei gani?

Sangara Mkavu: Na hela je?

Bwana Mizani: Mrejesho. Nimekutana na kijana leo, tumefanya mazoezi kwenye benchi la muuza chai. Kumbe anatumia kidole cha kushoto, mimi nilikuwa wa kulia. Tumebishana nusu saa nzima, mpaka muuza chai akaja kutuamulia, naye akasema wapima dagaa anaowajua yeye wanatumia goti. Tumeichukua hiyo.

Wenzangu nimewaona jana. Mmoja bado kanuna, ila kala. Posho wameongeza kidogo, Sangara, tulia. Na mama, shikamoo, sato bei imenishinda. Nimepeleka dagaa.