Bastola mpya ya kubeba kila siku inakwama, na kila nikilalamika naambiwa shida ni mkono wangu

Wakuu, habari za wakati huu. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha, kwa hiyo mnivumilie.

Nimenunua bastola ndogo ya milimita 9, mpya, ya kwenye boksi, kwa kibali halali na kila karatasi inayotakiwa. Niliitaka kwa kazi moja tu: ikae kiunoni tangu asubuhi natoka hadi usiku narudi. Mpaka leo nimeipiga risasi 260. Imekwama mara 14. Kila tukio nimeliandika kwenye daftari siku hiyohiyo: risasi ya ngapi, magazini ipi (lile kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), aina gani ya risasi, nani alikuwa ameishika. Mbili kati ya hizo 14 ni kosa langu mwenyewe na nitazieleza. Zinabaki 12. Kwa bastola ya kujilindia, 12 katika 260 ni sawa na kutembea na chuma kiunoni.

Siku ya kwanza niliisafisha kabla ya kuipiga. Hizi bastola mpya huja zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na ukienda nayo uwanjani hivyo hivyo unatafuta matatizo. Nikaifungua, nikafuta mtutu, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga) na njia zake, nikatia mafuta mepesi pale panapotakiwa. Uwanjani nikaanza na risasi 50. Mambo yakaenda vizuri hadi ya 17. Nikapiga, nikasikia slaidi imerudi kwa sauti butu, na kidole kilipovuta tena hakukuwa na kitu. Nikaangalia: ganda la risasi limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda, limebanwa na slaidi, mdomo wake mweusi bado unatoa moshi mwembamba. Mdomo wa bastola ukabaki kwenye shabaha, kidole nje ya kifyatulio, nikagonga kitako cha magazini, nikavuta slaidi, ganda likaanguka. Nikaendelea. Ya 31 likasimama tena. Ya 42 ikaja shida nyingine: slaidi imeenda mbele lakini haikufunga, imeachia nafasi ya milimita mbili au tatu hivi, na ukivuta kifyatulio hakifanyi lolote. Nikaisukuma kwa kiganja, ikafunga.

Na risasi ya mwisho slaidi haikubaki wazi kama inavyotakiwa magazini ikiisha. Hili ndilo kosa langu. Mpini wa bastola hizi ni mfupi, na kidole gumba changu kilikuwa kimelalia kile kitufe cha kuizuia slaidi. Lilitokea tena siku ya pili, nikashusha gumba, halijarudi. Nalitaja ili mjue sijaja hapa kutetea mkono wangu kwa kila jambo.

Nikarudi dukani. Yule kijana wa kaunta hakuishika bastola. Hakufungua daftari langu. Alisema hivi: "Kaka, hii silaha haina shida. Unaishika kwa ulegevu. Izoee tu, piga kama 300 hivi, itaingia."

Wakuu, ninajua maana ya kushika kwa ulegevu, na ni jambo la kweli. Bastola ya aina hii hutumia nguvu ya risasi kurudisha slaidi nyuma, na inahitaji mpini utulie ili slaidi ipate pa kupingana. Kiwiko kikilegea na kifundo kikikunjika, fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini, inarudi pamoja na slaidi, safari inakuwa fupi, ganda halitoki vizuri. Bastola ndogo zinaumia zaidi na hili kuliko kubwa. Risasi ni ileile, milimita 9 kwa 19 aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, nguvu haijapungua, ila kinachoibeba nguvu hiyo kimepungua. Glock 19, bastola ya ukubwa wa kati, ina mtutu wa milimita 102. SIG P365 iliyotoka mwaka 2018 na kuwashangaza watu kwa kuingiza risasi 10 katika umbo dogo vile ina mtutu wa kama milimita 79. (Nazitaja kama mifano tu, yangu si mojawapo.) Slaidi ikiwa fupi na nyepesi inarudi kwa kasi zaidi, kwa hiyo wanaweka springi ngumu zaidi kuizuia, na safari yake ikiwa fupi, springi ya magazini inabaki na muda mdogo sana wa kuinua risasi inayofuata. Hakuna nafasi ya kosa. Ndiyo maana utengenezaji wake unatakiwa kuwa makini zaidi, na ndiyo maana jibu la "ni mkono wako" ni rahisi sana kwa muuzaji. Linaweza kuwa kweli, na mteja hana namna ya kulipinga akiwa amesimama pale kaunta.

Mimi nikatafuta namna ya kulipinga.

Siku ya pili nilikwenda na bastola yangu ya zamani, ile kubwa niliyoibeba miaka mingi, na boksi lilelile la risasi. Mkono uleule, risasi zilezile, 50 zikapita bila hata moja kugoma. Kisha nikaichukua ndogo, nikapiga 40, ikakwama mara mbili, ukiacha ile ya gumba. Nikamwomba mwalimu wa pale uwanjani, mzee aliyeanza kufundisha watu kushika bastola kabla mimi sijaishika, apige 20. Zikakwama mbili, zote za ganda kusimama. Akaiweka mezani, slaidi wazi, magazini nje, akaniambia, "Mwanangu, huu sio mkono."

Siku ya tatu nikabadilisha risasi. Nilikuwa natumia za kichwa chenye uzito wa greni 115, yaani gramu kama saba na nusu, na baadhi ya risasi za mazoezi zinajazwa baruti kwa ubahili, haziisukumi slaidi ngumu ya bastola ndogo vya kutosha. Nikapiga 50 za greni 124, zenye nguvu zaidi. Zikakwama mbili. Nafuu kidogo, lakini bado. Na siku hiyo ndiyo niliyoanza kuandika namba kwenye vitako vya magazini kwa kalamu ya wino mzito, 1 na 2. Ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza ningeokoa muda, maana kabla ya hapo nilikuwa nazitofautisha kwa mkwaruzo mmoja tu. Ukipitia daftari, mara 4 kati ya 5 ambazo slaidi haikufunga zilitokea na namba 2, na zote ikiwa imejaa. Nikaziweka magazini zote mbili kando kwa kando chini ya taa. Midomo ya namba 2, zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi, imebana upande mmoja. Risasi ya juu inakaa imeinamisha pua. Kitu kinachoonekana kwa macho, kimepita mikononi mwa wangapi hadi kunifikia mimi?

Lakini maganda yalikuwa yanasimama na magazini zote mbili. Hilo halikuwa la magazini.

Nyumbani nikahakikisha bastola haina kitu, nikaitazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na kuipapasa kwa kidole, risasi zote chumba kingine. Nikatoa slaidi, nikatoa mtutu na springi. Halafu nikachukua ganda tupu nililoliokota uwanjani, nikalitelezesha kwa chini mpaka kitako chake kikaingia nyuma ya ekstrakta, ule ukucha unaolivuta ganda kutoka kwenye chemba. Ekstrakta nzima hulishika ganda hapo. Unaweza kuitikisa slaidi taratibu na ganda likabaki limening'inia. Langu lilianguka kabla sijatikisa. Nikaliona linaegemea upande, likateleza, tik, mezani. Nikarudia mara kumi, likaanguka mara kumi. Nikafanya hivyohivyo na slaidi ya bastola ya zamani, ganda likashika kama limegundishwa. Nikamulika tochi pembeni ya ekstrakta ya hii mpya, nikaona kwenye mfereji wake chembe za chuma zinazong'aa, nyuzinyuzi za mashine ya kuchongea. Nikachokoa moja kwa kijiti cha meno, ikatoka imejikunja. Hiyo ni takataka ya kiwandani. Sikuiweka mimi.

Nikapiga picha, nikapiga video ya ganda linavyoanguka, nikarudi dukani na kila kitu. Safari hii wakaipokea, "tunaipeleka kwa mafundi wa kampuni". Wiki sita. Wiki sita nimebaki na risiti.

Ikarudi na karatasi imeandikwa imekaguliwa, haina hitilafu, na karatasi ya shabaha yenye matundu matano yaliyo karibu karibu. Matundu matano! Nani aliwauliza kama inalenga? Sikuwahi kulalamika kuhusu kulenga. Bastola inayokwama mara moja kwa kila risasi 17 au 18 inaweza kupiga tano safi siku nzima na isikuonyeshe chochote. Na magazini namba 2 ilirudi vilevile, midomo imebana vilevile, namba yangu ya wino bado ipo kitakoni. Nikaifungua hapohapo kaunta, slaidi nje, ganda likaingia nyuma ya ekstrakta. Tik, juu ya kioo cha kaunta. Yule kijana akatazama pembeni.

Nikapiga 100 nyingine ili nisije kuambiwa nimehukumu haraka. Zikakwama tatu: mbili za ganda, moja ya slaidi kutofunga.

Sasa wameniambia nini? Moja, kwamba 260 bado ni chache, niendelee "kuizoesha". Sikatai kwamba springi mpya hulegea kidogo na nyuso za chuma hulainishana, na wapo watengenezaji wanaosema wazi piga 200 kwanza. Lakini 200 zimepita, na ukucha usioshika ganda haufundishwi kushika kwa kupigishwa risasi zangu, kwa gharama zangu. Mbili, kwamba nikae nyumbani niikoki kwa mkono mara nyingi na risasi ndani ili ilegee. Huu ni ushauri wa hatari na nimekasirika zaidi kwa huu kuliko yote. Kwanza, unakoki silaha yenye risasi hai sebuleni mara mia kwa sababu gani? Pili, risasi ileile ikiingizwa kwenye chemba tena na tena, pua yake inagonga ile njia ya kupandia na kichwa kinarudi ndani ya ganda. Niliwahi kuiona risasi yangu ya kubebea iliyokokiwa na kutolewa kila jioni kwa wiki kadhaa. Nikaisimamisha kando ya mpya, ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Mtu anayeuza silaha hapaswi kumwambia mteja jambo kama hilo.

Tatu, na hii ndiyo iliyonileta hapa: kwamba nikiipeleka kwa fundi wangu akasafishe mfereji wa ekstrakta na kubadilisha springi yake, dhamana imekufa. Ni kazi fupi kwa fundi wa silaha. Wao hawataki kuifanya, na hawataki mwingine aifanye.

Kuna watu watanijibu kwamba bastola zote hukwama. Najua. Chombo chochote chenye springi siku moja kitagoma, na ndiyo maana tunafanya mazoezi ya kugonga na kuvuta. Lakini kanuni niliyofundishwa, na ninayoishika, ni kwamba bastola haiendi kiunoni mpaka imepita risasi 200 mfululizo bila kugoma, na sehemu ya hizo ziwe zilezile utakazobeba na si za mazoezi tu, kwa magazini zilezile utakazobeba. Ikigoma, tafuta sababu, rekebisha, anza kuhesabu upya kutoka sifuri. Hii yangu haijawahi kuvuka 40.

Ninachotaka kutoka kwao nimekiandika kwenye barua, nikaambatanisha nakala za daftari: ekstrakta mpya na springi yake, magazini moja badala ya namba 2, na mtu aipige risasi 200 mbele yangu. Au wanibadilishie. Sijaomba kitu kingine. Barua ina siku 11, sijajibiwa.

Wenye bastola ndogo mpya humu, naomba mnisaidie jambo moja. Hakikisheni haina kitu, mara mbili, toeni mtutu, fanyeni hilo jaribio la ganda, kisha mniandikie hapa: limeshika au limeanguka, na mmeshapiga risasi ngapi. Kama kuna aliyewahi kumlazimisha muuzaji abadilishe ekstrakta chini ya dhamana, anieleze alianzia wapi.

Kwa sasa ndogo iko kabatini imefungiwa, na kiunoni nimerudisha ile kubwa.