Kwa nini mashine ya kuosha vyombo haina kioo mlangoni? Naomba ushauri kabla sijautoboa mlango wa kwangu

Mdadisi

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mashine yangu ya kuosha vyombo imeanza kutoa glasi za rafu ya juu zikiwa na chembe za chakula na ukungu mweupe, ilhali sahani za rafu ya chini zinatoka safi kabisa. Nimebadilisha sabuni, nimepanga vyombo upya mara kadhaa, na hali ni ile ile. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sioni kinachoendelea ndani. Mashine ya kufulia ina mlango wa kioo, oveni ina kioo, hata mikrowevu ina kidirisha chenye wavu, lakini hii ambayo ningependa sana kuichungulia imezibwa bati tupu. Ninafikiria kukata tundu mlangoni na kupachika kioo kigumu kwa mpira na gundi. Je, inawezekana? Na kama si busara, nifanyeje ili nijue maji yanafika wapi na hayafiki wapi?

Fundi Pampu

Ndugu mleta mada, nakuomba usiutoboe mlango huo. Kazi yangu ni kutengeneza mashine hizi, na mlango ambao kwa nje unaonekana kama bati tupu, ukishafungua skrubu zake na kutenganisha bati la nje na la ndani, utakuta umejaa: kisanduku cha sabuni na kifungulio chake cha umeme, nyaya, kitasa chenye swichi, katika mashine nyingi pia bodi ya vitufe, na mkeka mzito mweusi wa lami uliobandikwa ili kupunguza kelele. Kisanduku cha sabuni kipo katikati kabisa, mahali pale pale ambapo jicho lingetaka kutazama. Zaidi ya hayo, springi za mlango zimepimwa kwa uzito wake, kwa hiyo ukiongeza kioo mlango utaanza kudondoka kila unapoufungua.

Hata ukifanikiwa, utaona nini? Mikono ya kurushia maji, yaani yale mabomba yenye matundu yanayozunguka ndani, haizungushwi na mota. Baadhi ya matundu yake yameelekezwa upande, na maji yanapotoka kwa nguvu huusukuma mkono upande wa pili. Kila mkono unapopita, maji hupiga mlango. Maji hayo kwa kawaida huwa na joto la kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi, na ndani ni giza, kwa hiyo mbele yako kungekuwa na pazia la matone na mvuke tu.

Usilinganishe na mashine ya kufulia. Kioo kile kimefinyangwa kama bakuli linaloingia ndani, na kazi yake mojawapo ni kuzirudisha nguo kwenye pipa zisinaswe na mpira wa mlango. Oveni nayo ina sababu yake, kwa kuwa mpishi huamua kwa macho kama kitu kimeiva, na kila anapofungua mlango joto linatoka. Mashine ya vyombo unaweza kuifungua taratibu katikati ya kazi, pampu ikasimama, ukatazama, ukafunga, nayo ikaendelea.

Mama Wawili

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi. Mlango wenye kidirisha si jambo lisilowezekana, kwani KitchenAid ya Marekani imewahi kuuza mashine ya nyumbani yenye kidirisha na taa ndani. Nadhani sababu nyingine ni ya jikoni kwenyewe: watu wengi huificha mashine hii nyuma ya ubao unaofanana na makabati, na kioo kilichofunikwa na ubao hakina faida kwa yeyote.

Msomaji wa Usiku

Mleta mada, bonyeza swichi ya mlango kwa kijiti, uiache mashine ifanye kazi ikiwa wazi. Utaona kila kitu.

Fundi Pampu

Hapana, tafadhali asijaribu mtu yeyote. Swichi ile ipo kwa ajili ya kuwalinda watu, na maji yatakayokurukia usoni ni ya moto na yana sabuni kali kuliko ile tunayooshea kwa mikono.

Mhandisi Maji

Ndugu Mdadisi, ngoja nikurudishe kwenye shida yako. Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1886 kwa mashine iliyorusha maji kwa nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa katika vishikio vya waya, na hadi leo msingi ni ule ule: hakuna kinachosugua, maji pekee ndiyo yanayofanya kazi, na pale yasipofika hapaoshwi. Kwa hiyo swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Mashine nyingi za kisasa zina jicho lao wenyewe, nalo halipo mlangoni. Ni kihisi kidogo kilicho chini, kwenye njia ya maji, kinachopitisha mwanga ndani ya maji na kupima kiasi kinachotokea upande wa pili, ndipo mashine iamue kama maji bado ni machafu.

Wewe tumia glasi. Simamisha glasi nne tupu, midomo ikiwa juu, katika pembe nne za rafu ya juu. Kisha geuza mkono wa juu uelekee mlangoni, funga, uwashe, na baada ya dakika kumi za kuosha ufungue taratibu. Glasi zitakuonyesha maji yalikofika, na mkono ukiwa umebaki pale pale ulipouacha, rudia mara moja zaidi ili usidanganywe na bahati. Hakikisha pia kwamba rafu imesukumwa hadi mwisho, maana katika mashine nyingi mkono wa juu hupokea maji kupitia bomba la nyuma, na rafu isipokaa sawasawa maji hayaingii.

Mdadisi

Mrejesho. Nimefanya jaribio mara mbili. Glasi zote nne zilikuwa na matone machache tu, na mkono ulikuwa bado umeelekea mlangoni. Niliuchomoa, nikautikisa karibu na sikio, nikasikia kitu kikichezacheza ndani. Kwa kijiti cha meno nilitoa mbegu tatu na kipande cha lebo ya chupa kilichojikunja kama sigara, kikiwa kimeziba mahali maji yanapoingilia. Niliporudia, glasi zilijaa zaidi ya nusu. Nawashukuru sana nyote. Chembe zimekwisha, ila glasi mbili za zamani bado zina ukungu.

Fundi Pampu

Hongera, ndugu. Ziloweke glasi hizo katika siki kwa muda. Ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji. Usipotoka, basi kioo chenyewe kimeliwa na sabuni na joto, na hakirudi katika hali yake. Kidirisha ulichotaka kukipachika kingepigwa na maji hayo hayo kila siku.